Wanamchukua Mama Kanisa

Uthiru, Jumatano jioni

Mama yangu mpendwa,

Nakusalimu kwa jina la Bwana wetu, na kabla ya lolote niambie goti lako likoje. Kaka Mwakio aliniambia kwa simu kwamba sasa unatembea na fimbo, akacheka, lakini mimi sikucheka. Na mvua je, imefika huko Taita? Mimi mwili ni mzima. Moyo ndio umenilemea, ndiyo maana nimeona niandike, kwa sababu kwenye simu ningelia tu.

Unamkumbuka Mama Kanisa ninayekusimulia kila mara? Jina lake ni Lois. Akina mama wa chama chetu cha kanisani huitana kwa majina ya watoto wao wa kwanza, naye hakujaliwa mtoto, kwa hiyo tukampa jina hilo, na akalipenda. Jumapili yangu ya kwanza hapa, wageni walipoambiwa wasimame wajitambulishe, nilisimama peke yangu nikasema sina mtu Nairobi. Akaniambia kwa sauti kutoka viti vya nyuma, "Uko na mimi. Kaa chini." Tangu hapo chakula cha Jumapili nakula kwake.

Basi mwezi uliopita alianguka jikoni. Amepooza upande mmoja na hasemi. Amelazwa hospitali iliyo karibu na Kenyatta Market, ninakofanya kazi yangu ya kusuka nywele, nikafurahi kwamba nitakuwa nikipita kumnywesha uji. Jumamosi tukaenda wanne, tumejifunga vitambaa vyetu vya chama, tukidhani vitatupa heshima. Kumbe ndivyo vilivyotuponza. Askari wa mlangoni alivitazama tu.

"Nyinyi ni wa kanisa? Watu wa kanisa ni Jumapili. Leo ni family tu. Wewe ni nani yake?"

Mama, ningesema ni mama yangu ningepita. Lakini nitadanganyaje na kitambaa cha kanisa kichwani? Nikasema, "Ni dada yetu katika Bwana."

Akacheka, si kwa ubaya. "Hata mimi ni ndugu yako katika Bwana, madam. Kuja kesho."

Kesho yake tulimkuta mpwa wake, mtoto wa kaka yake, ametoka Nyandarua. Ningependa kukuambia ni mtu mbaya, lakini si mbaya. Alituinukia, akasema, "Asanteni sana kwa kumtembelea auntie." Kumtembelea! Sisi tunaomfulia, tunaojua chai yake haitiwi sukari! Jumamosi hii anampeleka shambani kwao. Lois akanishika kwa ule mkono unaofanya kazi, akang'ang'ania, machozi yakimtoka. Kabla hajaugua alikuwa akiniambia kwamba huko kwao hakuna tena anayemjua, na kwamba uzee wake ataumalizia kwetu. Nikamweleza mpwa. Akanijibu kwa upole, "Mgonjwa hulia, mathe. Sisi ndio damu yake." Na ni kweli.

Nikamkimbilia mchungaji. Kila Jumapili anatuhubiria kwamba Kristo ametufanya jamaa moja. Nikamwuliza, jamaa hiyo inaishia wapi? Mlangoni pa hospitali? Akasema, "Dada Wakio, siwezi kugombania mtu na watu wa kwao. Tuombe." Tukaomba. Nilisema amina, lakini nimekasirika, Mama, na sijui nimkasirikie nani. Kesho nitampelekea huyo mpwa nguo za Lois nilizozipiga pasi. Sina lingine la kufanya.

Nisalimie kaka Mwakio na mkewe, na shangazi aliyenilea nikiwa shuleni. Na wale akina mama wa kanisa wanaokuchotea maji tangu goti lilipokuzidi, wasalimie mmoja mmoja.

Tena, Mama, nakuomba umwite Mwakio umwambie sasa, wakati bado unaweza kusema, ni kina nani ungependa wakae karibu na kitanda chako siku ukizidiwa. Mimi na yeye ndio tutakaokuja kusema sisi ni damu, na kila mlango utatufungukia. Ukiwataja hao akina mama na usiponitaja mimi, nitakaa nje.

Ni mimi binti yako, nikikuombea,
Wakio