Kulia kwa Panya

Dada yangu mpendwa,

Natumaini barua hii itakukuta mzima, na kile kikohozi kimekuachia. Mimi ni mzima wa mwili. Mama anaendeleaje? Uliandika kwamba mkono wake wa kulia sasa unamwaga hata kikombe kilichojazwa nusu, naye anasema unaitwa wa kulia kwa sababu unalia. Nilicheka, kisha nikaikunja barua.

Uliuliza ramani yetu ya ubongo imefikia wapi. Imefutwa.

Nikukumbushe kazi yenyewe. Panya tuliwaharibu ubongo upande wa kulia, watetemeke kama mama. Tukaukata ubongo vipande vyembamba kuliko karatasi, tukavibandika kwenye vioo na kuvipaka dawa inayong'arisha mahali ambapo jeni za vipokezi zinafanya kazi. Vipokezi ndiyo masikio ya seli. Tulitaka kujua, sehemu kwa sehemu, upande mgonjwa unasikia wapi na umeziba wapi. Kipande kikishakatwa, kwa macho huwezi kujua upande upi ni upi, kwa hiyo kabla ya kukata tulitoboa kitundu kwa sindano upande wa kulia.

Ubongo wa panya thelathini alitoboa Mzee Barafu, yule fundi wa friza niliyekusimulia. Thelathini nilitoboa mimi. Mwezi uliopita majibu yalitoka: pande zote mbili sawasawa, kila sehemu. Mkuu wa maabara akasema miaka minne imekwenda na maji. Mzee akamwomba aulize vitundu vilitobolewaje, maana yeye hutoboa kulia kwa panya, si kulia kwake mwenyewe. Watu wakaangua kicheko. Mmoja akamuuliza panya wake huvaa saa mkono upi. Nami nilicheka. Wiki hiyohiyo Mzee aliambiwa akapumzike nyumbani, eti macho yamechoka.

Dada, hili sijamwambia mtu. Jumanne nilichukua ubongo mmoja uliobaki, nikaulaza nilivyozoea: chali, maana hivyo hautelezi. Nikachoma sindano kulia. Nikaugeuza. Kitundu kilikuwa kushoto. Panya wangu wote wamekwenda kinyume na wa Mzee, ndiyo maana majibu yamefutana. Ukurasa mmoja wa daftari langu, wenye namba zao, ungetosha kuiokoa ramani. Nilikaa nao mfukoni Jumatano na Alhamisi. Kila nilipofika mlangoni kwa mkuu, niliona kwamba Mzee angerudishwa, nami ningelazimika kuyasema hayo mbele yake. Ijumaa mkuu akaamuru picha zifutwe na vioo vikateketezwe. Akauliza nani atasukuma toroli la vioo. Nikasema mimi.

Mama akiuliza, mwambie bado tunakata. Mpe salamu zangu, nawe upumzike unapoweza. Ukikaa mbele yake ukataka kumshika mkono, shika ule wa kulia. Kulia kwake, dada, si kwako.

Ni mimi, mdogo wako.