Mlinganyo Usio na Jibu

Nakuru, Jumanne, Juni 1957

Basi Chelimo atabaki shuleni. Niliutunga mlinganyo ule makusudi: 2x² + 3x + 5 = 0. Wenzake walijaza kurasa kwa desimali. Yeye alitumia kanuni, akapata hasi thelathini na moja chini ya alama ya kipeuo, akaandika "Hauna jibu", akaweka kalamu chini.

Mwalimu mkuu alitaka kumrudisha kwao Ndabibi. "Msichana mvivu huyu. Mistari miwili tu, mwalimu?"

"Basi mzee, nionyeshe wa tatu."

Alijaribu ubaoni, akafuta, kisha akaliacha jina la Chelimo katika darasa la mtihani.

Nimeridhika, si sana. Mtihani wenyewe utauliza milinganyo yenye majibu, na hapo Chelimo bado hugawanya kipeuo peke yake kwa 2a, akiiacha −b ya kanuni bila kugawanywa.