Mkanda wa Mgema

Kilifi, 3 Februari 2024

Baba mpendwa,

Shikamoo. Mimi ni mzima, natumai kikohozi chako kimepungua.

Kuna sauti haijanitoka tangu nikiwa shule ya msingi: kotama ya mzee Kavumbi, mgema mwenzako, ikigonga jiwe. Kisu kilifika chini kwanza, kikalia mara moja, kisha akafuata yeye kutoka kileleni. Tulimzika wote. Kesho yake wewe ulipanda mnazi kugema kama kawaida.

Sasa umepita miaka sitini, Baba. Mshahara wangu wa ualimu unatutosha sote wawili. Hugemi kwa njaa. Basi unapanda kwa nini? Nakuuliza kwa kutaka kujua, si kwa kukugombeza. Nampa jirani yako Jedida barua hii kwa kuwa simu umeizima tena.

Mwanao,
Kahaso

Dabaso, 11 Februari

Mwanangu Kahaso,

Marahaba. Kikohozi kipo, ila tumezoeana. Simu nimeizima kwa sababu kwenye simu unafoka. Kwenye karatasi una adabu.

Unauliza kwa nini. Nikikaa chini, mimi ni mzee wa kufukuza kuku kwenye mahindi yaliyoanikwa. Nikiwa juu, watu husimama na mitungi yao wakitazama nilipo. Wengine hutoka Gede. Wanauliza, "Tembo ya Lewa ipo?" Ikiwa haipo wanarudi zao. Sijui kama mwalimu atalipatia jibu hilo alama.

Na wewe je? Jedida alikuona Kilifi juu ya bodaboda, helmeti umeipakata kama mtoto mchanga, eti umesuka nywele zisije zikabonyea. Nawe ni njaa?

Babako,
Lewa

Kilifi, 2 Machi

Baba,

Shikamoo. Hapa salama. Nilikuandikia jibu refu kuhusu zile nywele, kwamba safari yenyewe ilikuwa fupi, na kadhalika. Nikalisoma, nikalichana.

Basi sikukatazi tena. Nakutumia mkanda, ule wanaovaa mafundi wa stima wakipanda nguzo. Unajifunga kiunoni, unauzungusha kwenye mnazi. Uvae, nami sitakuuliza tena.

Mwanao,
Kahaso

Dabaso, 20 Machi

Mwanangu,

Huku hatujambo. Mkanda umefika. Kwanza nilimfungia mbuzi, akaridhika. Juzi nikaujaribu mwenyewe. Mikono yote miwili huru, Kahaso, kileleni. Nilijisikia kijana.

Unaukumbuka ule mnazi mrefu wa kisimani, nilioacha kuupanda tangu mamako yu hai kwa sababu shina limeingia ufa? Hakuna unaotoa tembo kama ule. Nilikuwa nauogopa. Sasa nimefungwa, niogope nini? Jumamosi naupanda. Usije ukapiga simu.

Babako,
Lewa

Kilifi, 22 Machi

Baba,

Usiupande. Mkanda unakushika wewe, haushiki mnazi. Namtuma mwenye bodaboda sasa hivi akupe barua hii mkononi.

Kahaso

Malindi, hospitali, 19 Aprili

Mwanangu,

Unakuja kila Jumapili na uji, unaketi, hunisemi. Nami kwa mdomo siwezi, ndiyo maana naandika.

Barua yako niliipata Ijumaa ile ile. Niliisoma. Nakuambia usije ukadhani ilichelewa.

Mkanda haukukatika. Shina ndilo lililokatika, nikashuka nalo nimefungwa vizuri. Nyonga wameitia vyuma, na daktari anasema kabla ya mwaka kwisha nitatembea sawasawa. Minazi mingine ni mizima. Nitaipanda nikipona. Usininunulie kitu tena.

Babako,
Lewa

Dabaso, 27 Aprili

Baba,

Shikamoo. Naandikia barazani kwako. Mbuzi mzima, kuku wazima.

Kumbe uliisoma. Mwezi mzima nilikuwa nalala na wazo kwamba bodaboda ilichelewa, na wazo lile lilinifaa. Umeniondolea. Sasa naona hakuna nitakachokupa ambacho hutakigeuza kuwa sababu ya kupanda juu zaidi. Ningekupa mabawa ungeyatafutia mnazi uliooza.

Leo asubuhi alikuja Hesbon, mkata miti, na msumeno wa petroli. Jedida akasimama nje ya ua.

"Kahaso, babako anajua?"

"Atajua nikimwandikia."

"Minazi hiyo kaiotesha babuyo."

"Najua."

"Hatakusamehe, we mwana. Atakufa hajakusamehe."

"Na afe mzee basi, dada. Afie kitandani."

Akaniita mchawi, akaenda zake.

Chumba chako Kilifi kiko tayari, na kitanda nimenunua. Huenda usije. Huenda usiniandikie tena maisha yangu yote. Hesbon alizima mashine akanitazama, akingoja nibadili nia, na yote haya nikayafikiria nimesimama pale. Nikamwambia awashe. Minazi yako yote iko chini.

Mwanao,
Kahaso