Kijumba Nyuma ya Ukuta

Mama mpenzi,

Shikamoo, huko uliko. Nimechoka, na sina mwingine wa kumweleza.

Unakikumbuka kijumba cha koma, roho za wazee wetu, kile cha makuti nyuma ya jiko, ambacho hata mtoto huinama kuingia. Siku moja nilikufuata umebeba kifuu cha maji yaliyokorogwa unga. Uliyamimina mlangoni, ukawataja babu na bibi kwa majina, kisha ukaenda kuswali adhuhuri. Nilipokuuliza kama hiyo si shirki, ulisema, "Nawasalimu wakubwa. Wewe wanisalimu kila asubuhi, waniabudu?"

Ulinieleza pia kwamba kwetu nyumba hupimwa kutoka kwenye kijumba. Mlango wake hutazamana na mlango wa uani, na katikati hapajengwi kitu, ili wazee waone nani ameamka, nani ameolewa, nani mgonjwa.

Sasa mjukuu wako Bakari amejenga vyumba vya kupangisha wafanyakazi wa hoteli za Diani. Alimwonya fundi asikiguse kijumba, na kweli hakukigusa. Alipandisha ukuta wa vyumba papo hapo katikati. Majirani wakanipongeza kwamba tumehifadhi mila. Tangu siku hiyo babu anatazama matofali.

Juzi mpangaji mmoja kutoka bara akaniuliza, "Mzee, hii nyumba ya kuku mbona haina kuku? Si unipee niweke makaa?" Nilicheka, kisha nikakaa chini. Mimi niliyefundisha watoto wa watu miaka yote ile, sikuwa na nguvu ya kueleza.

Nikamwomba Bakari atoboe njia ukutani, ingawa itamlia chumba kizima.

"Baba, wafu hawalipi kodi."

"Wewe nawe umeishi kwangu hadi ndevu zikaota. Ulilipa?"

Akajikuna kichwa. "Haya, nitatoboa. Lakini ukifa, naziba."

"Ziba. Nitakuwa upande wa pili. Nitagonga."

Alitoka, nikadhani yamekwisha hapo. Asubuhi hii namsikia mwenyewe na nyundo, wala hakumwita fundi. Vumbi limeingia hadi kwenye kitanda changu, na mgongo hauniruhusu kufagia.

Njia ikipatikana nitakuja na kifuu, Mama. Niwieni radhi kama nitasalimu nikiwa nimesimama, maana magoti hayainami tena. Mwambie babu asogee kidogo mlangoni, atuone.

Mwanao kitindamimba