Udongo Uliochambuliwa

3 Mei

Mama mpendwa,

Shikamoo. Natumaini kikohozi kimekuachia. Mimi mzima, ila tangu barua yako ifike sikai nikatulia. Nikifungua daftari namwona bwana afya amesimama uani kwako, anasema maji ya magome unayolainishia ngozi yatafika kwenye kisima cha jirani, na kwamba mwisho wa Juni atakufungia karakana.

Mwalimu wa kemia anasema rangi ile ya kahawia ni fenoli za magome, na udongo wenyewe huweza kuzikamata. Naomba kilo moja ya udongo mwekundu wa pembeni mwa shimo unamomwaga, na dumu la maji yale. Nitayapitisha kwenye udongo huo ndani ya kopo lililotobolewa.

Mwanao

11 Mei

Mwanangu,

Marahaba. Kikohozi kimebaki cha asubuhi tu. Unakula lakini?

Mzigo huo hapo. Udongo nimeuchekecha mara mbili. Ulijaa chembe nyeusi kama mavi ya panya. Nikakaa mlangoni nikazitoa moja moja, kama nachambua mchele. Walimu wasije wakasema mama yako mchafu.

Jirani kanionyesha ndoo yake ya kisimani jana. "Leo bado maji, shoga. Keshokutwa yatakuwa chai, tutatia sukari."

Mama yako

18 Mei

Mama mpendwa,

Shikamoo. Mimi sijambo, lakini jaribio limekataa. Maji yaliingia ya kahawia, yakatoka ya kahawia. Wenzangu walicheka, nami nikajifanya nacheka.

Kisha mwalimu akasoma barua yako, akauliza ziko wapi chembe nyeusi. Usikasirike, Mama: zile ndizo zenye kazi. Zina madini ya manganisi. Maji yakipita, madini hayo huzibadili fenoli, zikashikana zenyewe kwa zenyewe hadi zikanata kwenye mboji ya udongo. Hapo hazisafiri tena kirahisi. Ulizitupa wapi?

Mwanao

24 Mei

Mwanangu,

Marahaba. Nilizitupa uani, kuku wamezipekua zote. Nimechimba mwingine, safari hii kilo nne. Haya, udongo na uchafu wake wote, nisilaumiwe.

Fanya haraka. Nina ngozi kumi na moja zimelowekwa na mikono haina raha.

Mama yako

8 Juni

Mama mpendwa,

Shikamoo. Samahani kwa kukaa kimya. Siku tisa mfululizo maji yalitoka meupe, na bweni zima likaja kutazama. Nilitaka kukuandikia siku ya kwanza, nikajizuia.

Jana, siku ya kumi, rangi ilitoka tena. Madini yamechoka, Mama. Shimo lako nalo litachoka siku moja. Kalamu nilishaishika nikuandikie zile siku tisa tu. Nimeshindwa. Mwambie bwana afya zote kumi.

Mwanao

17 Juni

Mwanangu,

Marahaba. Barua yako nimekaa nayo siku tatu, naiweka, naichukua. Bwana afya alipokuja nikamsomea yote, jirani yuko nyuma ya ukuta anasikiliza. Nilipofika siku ya kumi jirani akanong'ona, "Shoga, hapo si ungemeza mate."

Bwana afya hakufunga. Kasema nisimwage hata tone mpaka ajue udongo unavumilia kiasi gani kabla ya kubadilishwa. Anataka namba, nami sina. Anarudi tarehe thelathini.

Mama yako

24 Juni

Mama mpendwa,

Shikamoo. Namba ni hii: kilo moja ya udongo, vikombe viwili kwa siku, siku tisa. Lakini hilo ni kopo moja. Mwambie asiandike zaidi ya hapo.

Barua yako ilipofika nilianzisha makopo mengine matatu kwa udongo uliobaki. Naamka kabla ya kengele kuyatazama, na mkuu wa bweni amechoka kunifukuza. Leo ni siku ya nne. Yote matatu yanatoa maji meupe.

Mwanao