Farasi Juu ya Mto

Matrah, Alhamisi, Desemba 1970

Na bado mama hanisadiki. Leo baada ya alasiri nilimhadithia tena kile kijiji cha Urusi nilikokwenda likizo wakati nasoma huko, kwa bibi yake mwanafunzi mwenzangu. Alfajiri ya kwanza nilichukua birika nikateremka mtoni kutia udhu. Mto umesimama, mweupe, mgumu kama sakafu, na juu yake anapita farasi, anaburura gari lisilo magurudumu, limejaa majani makavu. Nilibaki pale na birika langu, nikisema Subhanallah mpaka midomo ikafa ganzi.

"Farasi juu ya mto," mama akasema. "Warusi wamekufunza uongo, mwanangu."

Iliniuma. Najua anachokiogopa, wala si farasi; ni kuwa dini yangu niliiacha huko.

Kisha akauliza, taratibu, "Na huo udhu ulitia wapi?"

Nikamwambia yule bibi aliniona narudi na birika tupu. Hakuuliza kitu. Aliyeyusha theluji jikoni kwake, na kila alfajiri nilikuta maji ya moto mlangoni pangu.

Mama akaweka kikombe chake cha kahawa chini.

"Huyo," akasema, "nnamsadiki."