Chaki ya Buluu Mlangoni kwa Jirani

MAELEZO YA SHAHIDI

Shahidi: anajulikana mtaani kama Fundi Pindo
Umri: miaka 36
Kazi: fundi cherehani
Makazi: nyumba ya tatu kutoka lango la shule ya msingi

Naishi na baba yangu mzazi na binti yangu wa miaka tisa. Jirani tunayepakana naye ukuta alihamia miezi minne iliyopita na familia yake. Rangi ya ngozi yao ni tofauti na yetu. Binti yao anasoma darasa moja na wangu.

Mnamo Jumatatu tarehe 4, saa nane mchana, mwalimu wa darasa aliniita. Alisema binti yangu amekataa kushikana mkono na mwenzake huyo, akidai rangi yake inaambukiza. Nilijibu kwamba hayo kayaokota hapo hapo shuleni. Nilimshuku hata mwalimu mwenyewe.

Jumatano tarehe 6, saa kumi na mbili na nusu asubuhi, nilimkuta jirani nje ameshika kitambaa kibichi. Mlangoni kwake paliandikwa: “Ibebeni rangi yenu mrudi nayo.” Aliniangalia bila kunisalimia. Chaki iliyoandikia niliitambua. Ni ile bapa, ya buluu, ninayochorea vitambaa. Mtaani hakuna fundi mwingine.

Nilirudi ndani nikamhoji binti yangu. Nakiri nilimshuku yeye kwanza. Lakini maandishi yalikuwa juu kuliko kichwa changu, na yeye hanifiki begani. Akasema, “Babu aliniomba chaki. Alisema ni utani wetu wawili.”

Nilimuuliza habari ya rangi kuambukiza kaitoa wapi. Akasema ni kwa babu pia, mezani, nami nilikuwepo. Ni kweli. Siku hiyo nilicheka.

Nilimweleza kwamba rangi haiambukizi, kwamba babu amekosea, na mimi niliyecheka nimekosea.

Akaniuliza, “Na babu nani atamwambia?”

Nilimsindikiza shule. Langoni alimwomba mwenzake radhi mwenyewe, sikumtuma. Yule mtoto alimtazama tu, akaingia darasani. Nikaja hapa kituoni moja kwa moja. Baba anajua nimekwenda kununua uzi.

Hayo ndiyo niliyoyaona na kuyasikia. Nimesomewa, na hakuna neno nililowekewa mdomoni.

Sahihi ya shahidi: (ametia)

Maoni ya askari: Shahidi alifika saa mbili na dakika kumi bila kuitwa. Amekabidhi kipande cha chaki. Alipoulizwa kama atayarudia haya mbele ya baba yake, aliomba maji ya kunywa. Alipomaliza glasi alisema ndiyo.